Unga mweusi wa sumaku na maji yenye floraidi: jibu kwa dada wa Usa River

Kuna dada kaniandikia kutoka upande wa Usa River, Arusha, swali lake nalifupisha hivi: maji ya kisima chao kirefu yamepimwa yakakutwa na floraidi 6.2 mg kwa lita wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni 1.5, mtoto wake wa kwanza ana miaka 11 na meno yameshakuwa ya kahawia, wa pili ana miaka 3. Ameona video mtu anamwaga unga mweusi kwenye glasi ya maji ya bluu, anatikisa, anaweka sumaku pembeni, maji yanabaki meupe kabisa, na wakamwambia ule unga ni grafini yenye sumaku na unatoa sumu zote. Anataka kujua kama aagize gramu kadhaa mtandaoni atumie nyumbani na sumaku ya spika mbovu.

Dada yangu, usiagize. Nakwambia mapema kabisa kabla sijaeleza lolote kwasababu najua hela ya kuagiza kitu nje inavyouma, na huyo wa miaka 3 ndo yuko kwenye umri ambao kila mwezi una maana, sitaki upoteze hata mmoja ukisubiri mzigo. Ila ulichokiona kwenye video ni cha kweli, mimi mwenyewe nimefanya jaribio hilo mara nyingi mbele ya wanafunzi na bado kila nikilifanya nasogea karibu kuangalia. Shida ni kwamba ile glasi ya bluu na ndoo yako ya maji ya kisima ni vitu viwili tofauti kabisa, na ukielewa tofauti yake hakuna muuzaji atakayekudanganya tena kwenye mambo ya maji.

Kwenye glasi wanaweka methilini bluu, ile rangi ya maabara, matone machache tu yanatosha. Unatia unga kidogo, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu, maji yanakuwa meusi kama wino, unatikisa dakika kumi hivi alafu unaegemeza sumaku kwenye ukuta wa glasi. Mwanzoni huoni kitu. Baadae ule upande wa mbali na sumaku unaanza kung'aa, weusi unasogea taratibu kama moshi unavyovutwa dirishani, mpaka wote unaganda pale kwenye sumaku kama masizi kwenye sufuria ya kuni, na maji yaliyobaki huoni bluu tena. Mtu akiona vile lazima aamini sumaku imevuta sumu. Haijavuta. Sumaku imevuta unga, na unga ndo ulikuwa umeshaishika ile rangi kabla sumaku haijasogezwa. Yani sumaku pale ni mpini tu, kama mpini wa chujio la chai, hauchuji chochote ila bila huo huwezi kulitoa chujio kwenye kikombe.

Na mpini unahitajika kweli, nikueleze kwanini. Ile nyeusi ya ndani ya penseli ni grafaiti, ni kurasa za kaboni zimelaliana, ukitoa ukurasa mmoja wenye unene wa atomu moja hiyo ndo grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga pale Manchester mwaka 2004 kwa kubandua grafaiti na selotepu, wakapewa Nobel ya fizikia 2010. Kwa hesabu, gramu moja ya grafini ukiweza kuitandaza yote inafunika mita za mraba 2,630, zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira, sasa fikiria nafasi ya kushikia uchafu iliyopo hapo. Lakini kitu chembamba namna hiyo ukishakimwaga kwenye maji unakitoaje? Kitambaa kinapita, chujio la karatasi linaziba, ukikiacha kitue chini unaweza kukaa siku nyingi na maji bado meusi. Kwahiyo watu wakapachika juu yake chembe za magnetaiti, ambayo ni aina ya oksaidi ya chuma, chembe za nanomita 10 hivi (unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000). Chembe zikiwa ndogo kiasi hicho zina tabia nzuri sana, sumaku ikiwa karibu zinavutwa, ikiondolewa zinasahau kabisa kama zilikuwa sumaku, hazibaki zimeng'ang'aniana, unatikisa zinasambaa tena. Alafu zinakaa katikati ya zile kurasa zisirudi kulaliana kama grafaiti. 

Kwenye kazi ya maji mara nyingi haitumiki grafini tupu, inatumika grafini oksaidi, yani grafini iliyojazwa oksijeni kwa njia ya Hummers ya mwaka 1958: grafaiti inachovywa kwenye asidi ya salfa kali na pamanganeti ya potasiamu juu ya barafu, mwisho unatia haidrojeni peroksaidi mchanganyiko unageuka njano inayong'aa. Nakueleza ujue tu, tafadhali sana asijaribu mtu nyumbani, mchanganyiko ule ukipata joto unalipuka. Magnetaiti nayo inatengenezwa kwa chumvi za chuma za aina mbili kwa uwiano wa 2 kwa 1, unamwaga amonia na palepale kila kitu kinakuwa cheusi.

Sasa twende kwenye swali ambalo ndo la kumuuliza yeyote anayekuuzia unga kama huu: nani anashika? Usiulize "inatoa sumu?", uliza kwenye huo unga ni kipi kinachoshika hicho kilichopo kwenye maji yangu, na kinashikaje.

Methilini bluu ni mteja rahisi kuliko wote. Ina chaji chanya, na molekuli yake ni bapa, ina pete pete. Grafini oksaidi kwenye maji ina chaji hasi na yenyewe ni bapa ina pete, kwahiyo zinavutana kwa chaji na zinalaliana vizuri kwa umbo, mara mbili. Ndo maana kila video inatumia hiyo rangi. Leta rangi za viwanda vya nguo ambazo nyingi zina chaji hasi, kazi inapungua sana, inabidi ubadilishe pH (kipimo cha maji kuwa na asidi au magadi) au uupake unga kitu kingine.

Madini ya risasi pia yanashikwa vizuri, kwenye maji yanakuwa ioni (chembe yenye chaji) yenye chaji chanya mbili, zile oksijeni za grafini oksaidi zinaing'ata, na wingi wake kwenye maji huwa mdogo kwa uzito kwahiyo unga hauishi haraka.

Aseniki ndo stori ninayoipenda mimi kwasababu hapo majukumu yanabadilika. Bangladesh kuanzia miaka ya 1970 walichimba visima vya pampu vingi mno kuwaepusha watu na maji ya madimbwi yenye vijidudu, nia nzuri kabisa, baadae ikaonekana visima vingi vina aseniki ya asili ya ardhini. Aseniki kwenye maji inakuwa na chaji hasi au haina chaji kabisa, grafini haiishiki kivile, anayeishika ni chuma, inajifunga kwenye uso wa magnetaiti kwa nguvu. Mwaka 2006 watu wa chuo cha Rice pale Houston walionyesha kwamba chembe za magnetaiti za nanomita 12 zinashika aseniki na zinaweza kutolewa na sumaku ya kawaida ya mkononi, watu walikuwa wanadhani inahitaji mashine kubwa. Mwaka 2010 Wakorea wa Pohang wakaziweka chembe za namna hiyo kwenye kurasa za grafini wakaripoti zaidi ya asilimia 99.9 ya aseniki imetoka, ikabaki chini ya mikrogramu 1 kwa lita, wakati WHO inaruhusu 10. Hapo grafini ndo ilikuwa rafu ya kupangia chembe zisirundikane, na chuma ndo fundi. Hii inatuhusu na sisi maana maeneo ya machimbo ya dhahabu kanda ya ziwa watafiti wameshakuta aseniki kwenye maji ya ardhini, na kama ungeniandikia kutoka huko jibu langu lingekuwa na sura nyingine.

Lakini wewe una floraidi. Floraidi ina chaji hasi, ni ndogo, na imejivika maji kwa kubana sana, haipendi kuyaacha. Haina pete ya kulaliana na grafini. Maji ya huko kwenu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru, yanatoka na magadi magadi, pH ya juu ya 8 ni kawaida, na kwenye pH hiyo grafini oksaidi ina chaji hasi na magnetaiti nayo inakuwa upande wa hasi, kwahiyo unga mzima unaisukuma floraidi badala ya kuivuta. Alafu kuna baikaboneti, chumvi ya hayo magadi, imejaa inagombania nafasi hizohizo. Niliwahi kuchukua maji ya kisima cha upande huo nikatia unga niliotengeneza mwenyewe, ule ule uliokuwa unameza methilini bluu kama hauna akili nzuri, nikatikisa saa nzima, nikaweka sumaku, maji yakawa meupe ya kupendeza, nikapima floraidi mita ikagoma kushuka. Kwa macho yale maji yalikuwa yamesafishwa. Ndo kinachoniogopesha kwenye hizo video, floraidi haina rangi, haina harufu, utamnywesha mtoto mwaka mzima ukiamini umemkinga.

Floraidi inapenda metali kama alumini, zirkoni, lanthanamu na kalsiamu. Watafiti wapo wanaopachika zirkoni au alumini juu ya grafini yenye sumaku na inashika floraidi kweli, lakini hapo aliyeshika ni zirkoni, grafini kashikilia tu. Tufanye umepata unga mzuri wa aina hiyo, na tufanye kwenye maji yako gramu moja inashika 5 mg. Ndoo ya lita 20 ina floraidi 6.2 kwa lita, unataka ifike 1.5 ambayo ndo kikomo cha WHO, maana yake utoe 4.7 mara 20, ni 94 mg, unahitaji karibu gramu 19 za unga kwa ndoo moja. Vitu hivi vinauzwa kwa bei ya gramu dada. Na ukisoma mahali wameandika unga unashika mamia ya miligramu kwa gramu, angalia walipima kwenye maji gani, mara nyingi ni maji yaliyochemshwa yakawa mvuke yakakusanywa, wametia chumvi ya hicho kitu kimoja tu kwa wingi ambao kisima hakina. Uchafu ukiwa mwingi unga unajaa sana, ukiwa kidogo unashika kidogo, ndo tabia ya kila kitu kinachoshika kwa uso.

Utasema si unaoshwa ukatumika tena. Ndio, unaoshwa kwa kostiki soda au asidi kutegemea umeshika nini, lakini maji ya kuoshea yanabeba floraidi yote ya ndoo kumi kwenye kikombe kimoja, utayamwaga wapi, kwenye migomba? Asidi nayo ikiwa kali inakula magnetaiti yenyewe, mpini unayeyuka, unabaki na unga usiotoka kwenye maji. Na ile sumaku ya spika, kwenye glasi umbali ni sentimita tano, kwenye ndoo ni sentimita thelathini, nguvu ya sumaku inakufa haraka sana ukisogea mbali, utakaa saa nyingi na kuna chembe zitabaki usizoziona. Sitaki mtoto wa miaka 3 anywe hizo wala sitaki wewe uvute vumbi lake likiwa kavu, ni jembamba mno linafika ndani kabisa ya mapafu.

Sisemi sumaku haiwezi kazi kubwa. Pale Mount Pleasant, Australia Kusini, mwaka 2001 walianza kutibu maji kwa vishanga vya resini (aina ya plastiki) vilivyotiwa sumaku, vinashika uozo wa majani na udongo, vinang'ang'aniana vinazama haraka, vinarudishwa kwenye mzunguko. Lakini ule ni mtambo wenye watu wa zamu na sehemu ya kushughulikia maji machafu ya kuoshea, sio ndoo jikoni. Na mahali ambapo grafini ya sumaku naiona inalipa kweli ni maabara za kupima dawa za mashambani. Unachukua lita moja ya maji ya mto uliopita kwenye mashamba ya maua au nyanya, dawa imo ila kidogo kuliko mashine inavyoweza kuona, unatia miligramu hamsini za unga, unatikisa, unaukusanya kwa sumaku, unausuuza kwa mililita moja ya asetonitraili, kimiminika cha kuyeyushia. Kilichokuwa kimesambaa kwenye lita nzima sasa kipo kwenye mililita moja, umekikusanya mara elfu, mashine inakiona. Hapo hakuna mtu anakunywa hayo maji, unga ni kidogo, mpini wa sumaku unaokoa masaa. Natamani maabara zetu za mikoani ziwe na hiki kitu.

Turudi nyumbani kwako. Kitu cha kutumia ni mkaa wa mifupa, na kipo jirani na wewe, kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimekuwa kikifanya kazi hii miaka mingi, nenda kawaulize. Ng'ambo ya mpaka, Nakuru nchini Kenya, Jimbo Katoliki lilianzisha kazi ya kutengeneza machujio ya mkaa huo na yametumika. Ni mifupa ya ng'ombe imechomwa kwa hewa kidogo, na ndani yake kuna madini yanaitwa haidroksiapataiti, ambayo ndo hayohayo yanayotengeneza jino. Floraidi inayapenda sana hayo madini, sasa wewe unaikutanisha nayo kwenye chujio kabla haijamfikia mtoto. Kwa matumizi ya kawaida gramu moja inashika kama 1 hadi 2 mg, ndogo kuliko ule unga niliokupigia hesabu, lakini hapa unaweka kilo 10 kwenye ndoo yenye bomba bila kufikiria mara mbili. Kilo 10 ni miligramu elfu kumi mpaka elfu ishirini, gawanya kwa 94, unapata ndoo kati ya 100 na 200. Ukichuja ya kunywa na kupikia tu, ndoo moja kwa siku, ni miezi mitatu mpaka sita. Usichome mifupa mwenyewe, ikiungua vibaya maji yananuka na yana rangi, ikiungua kupita kiasi ikawa nyeupe uwezo wake wa kushika unashuka sana. Na kama kwenu mnajali ni mifupa ya mnyama gani, uliza palepale, ni swali la haki kabisa.

Wakati unalitafuta hilo chujio usikae bure, mvua ikinyesha kinga ya bati, acha dakika za mwanzo zioshe paa, maji ya mvua hayana floraidi ya kusumbua. Yakiwa machache changanya, lita 4 za mvua kwa lita 1 ya kisima inakupa 1.24 hivi, iko ndani ya kikomo. Lita 3 kwa 1 inakupa 1.55, inakaribia ila bado imezidi kikomo kidogo. Kuchemsha hakutoi floraidi, kunaiongeza maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Chujio la mshumaa wa udongo halitoi, kaboni ya kawaida ya madukani nayo haitoi. Mashine za RO, zile zinazosukuma maji kwa nguvu kupitia utando, zinatoa ila zinamwaga maji mengi na zinataka umeme. Chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru kuna chujio la Dk. Askwar Hilonga la mchanga na chembe za nano, lililopata tuzo ya Africa Prize ya Uingereza mwaka 2015, hilo sio unga wa sumaku wa kwenye video, ukitaka kulitumia waonyeshe majibu yako ya 6.2 wakuambie limepangwa kwa ajili ya floraidi au vijidudu.

Magadi ya kulainishia maharage acha kabisa, yana floraidi yake, loweka maharage usiku. Chai ya rangi nzito kwa huyo mdogo punguza, majani ya chai nayo yanabeba. Meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi mpaka kama miaka 8, kwahiyo wa miaka 3 bado unamuwahi, una miaka mitano mbele. Wa miaka 11 ile kahawia haitafutika kwa maji, daktari wa meno anaweza kuipunguza kwa kuonekana, ila naye anywe maji yaleyale yaliyochujwa kwasababu floraidi ikizidi miaka na miaka inaingia kwenye mifupa.

Chujio likishaanza kazi peleka sampuli kila mwezi, kwasababu mkaa ukijaa maji yanatoka meupe vilevile na hutajua. Ikikaribia 1.5 badilisha mkaa, usisubiri ipite. Sampuli ya floraidi chukua kwenye chupa ya plastiki, sio ya kioo, isuuze mara tatu na maji hayohayo unayopima, jaza, andika tarehe na ni ndoo ya ngapi tangu uweke mkaa mpya. Hiyo namba ya ndoo usiisahau, ukiniandikia tena ndo nitakayoanza kukuuliza.